PiKaraoke kwenye laptopu ya Linux: pleya ya karaoke ya bure, nimeitumia na haya ndo maoni yangu

Wadau, natoa hukumu mwanzoni kabisa ili asiye na muda aondoke na kitu. Kama una laptopu ya zamani yenye Linux, TV yenye tundu la HDMI na rauta yoyote ile hata iliyochoka, weka PiKaraoke, hutajuta. Nimezipitia pleya za karaoke za Linux karibu zote ninazozifahamu, zingine nzuri kweli kwa kazi yake, ila kwa shughuli za nyumbani, birthday, kitchen party ya mtaani, mkesha wa mwaka mpya na ndugu, hii ndo imebaki kwenye mashine yangu. Kuna mambo usipoyajua utaiona mbovu wakati si mbovu, na kuna jambo moja kubwa ambalo programu yenyewe haikusaidii kabisa, nalo ni nyimbo zetu za Kiswahili. Hapo ndo nitakaa sana maana naona watu wengi wanakata tamaa hapohapo.

Kwanza ni kitu gani. Ni programu huria imeandikwa kwa Python, bure, na usidanganyike na jina ukadhani lazima ununue kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, inakubali Linux yoyote ya kawaida, hata Mac na Windows. Inavyofanya kazi ni hivi, laptopu inageuka sava, TV inaonyesha skrini yenye QR kodi kwenye kona, mgeni anaiskani kwa simu yake, ukurasa unafunguka kwenye brauza, anaandika jina lake, anatafuta wimbo, anauweka kwenye foleni basi. Hakuna app ya kuinstoo. Hakuna kujisajili. Simu janja ya bei ya chini kabisa ilimradi ina brauza inatosha.

Na hili la simu ndo limefanya niipende kuliko zingine zote. Karaoke za nyumbani zinakufa kwa sababu ya mtu mmoja kukaa na laptopu, kila mtu anamfuata "niwekee ule wimbo", "bado tu wangu?", yule mtu mwenyewe haimbi, na watu wenye aibu hawaji kabisa kuomba. Ukimpa kila mtu foleni mkononi mwake mambo yanabadilika, shangazi aliyekaa kona ya sebule anavinjari orodha taratibu bila kuangaliwa na mtu, anachagua wimbo wake wa zamani, unashtukia jina lake limetokea kwenye TV kwamba ndiye anayefuata na watu wote wanashangilia. Hakuna programu nyingine ya bure niliyoiona inamfikia mtu wa aina hiyo kirahisi hivi.

Kuinstoo sasa. Mimi natumia Linux Mint ila Ubuntu na Debian ni yaleyale. Unafungua terminali (lile dirisha la kuandika amri) unaweka ffmpeg (ya kuchakata video na sauti) na pipx (ya kuinstoo programu za Python) kwa amri ya apt, na Chromium kama huna, afu unaandika `pipx ensurepath`, unafunga terminali na kuifungua upya, afu `pipx install pikaraoke`, ukimaliza unaandika `pikaraoke` tu inawaka. Kwanini pipx na sio pip kama wanavyoonyesha kwenye video nyingi za zamani? Kwa sababu kuanzia Debian 12 na Ubuntu 23.04 mfumo unakataa pip kuingiza vitu kwenye Python ya mfumo wenyewe, utapigwa na ujumbe wa `externally-managed-environment` na utaona watu wanakushauri uweke `--break-system-packages`, tafadhali usifanye hivyo, jina lenyewe linakwambia unaenda kuvunja nini. Pipx inaiwekea programu chumba chake peke yake, ukichoka nayo unaifuta yote bila kuacha uchafu.

Ikishawaka inafungua skrini ya TV yenyewe kwa Chromium. Simu zinaingia kwa anwani ya laptopu ikifuatiwa na :5555, hiyo ndo poti yake ya kawaida. Nyimbo zinakaa kwenye folda ya `pikaraoke-songs` ndani ya home yako, ukitaka kuzihamishia kwenye diski ya nje unaongeza `--download-path` na njia ya folda. Kitu kingine cha lazima, narudia, cha lazima, ni `--admin-password`. Usipoweka neno la siri kila aliyeskani kodi ana mamlaka yote, anaweza kuruka wimbo wa mwenzake, anaweza kufuta faili, na kwenye shughuli yenye watoto hilo litatokea tu ndani ya muda mfupi. Ukiweka neno la siri wageni wanabaki na kutafuta na kuweka foleni, wewe ndo unakuwa na kuruka, kusimamisha na kufuta.

Jambo dogo ila linasumbua wengi, ile skrini ya TV mara ya kwanza inakutaka ubofye kukubali maana Chromium hairuhusu sauti ianze yenyewe bila mtu kugusa. Ukitaka isikuulize unafungua mwenyewe `chromium --kiosk --autoplay-policy=no-user-gesture-required` na anwani ya `/splash`. Na zima kulala kwa skrini kwenye settings za laptopu, zima na notifikesheni zote, hakuna kitu kinaharibu wimbo wa taratibu kama kiboksi cha "apdeti mpya zipo" katikati ya beti.

Sasa sauti, hapa nataka mnisikilize vizuri. PiKaraoke haishughuliki na maiki kabisa. Haina sehemu ya maiki, haichanganyi sauti yako na muziki, kazi yake ni kupiga wimbo na kuonyesha maneno. Watu wanachomeka maiki kwenye tundu la laptopu halafu wanalalamika haisikiki. Njia sahihi ni miksa. Hata ile ndogo ya chaneli nne inatosha, maiki zinaingia kwenye miksa, laptopu inaingia kwenye miksa kwa waya wa kipini cha milimita 3.5 kutoka tundu la hedfoni, miksa inaenda kwenye spika. Hapo sauti ya mwimbaji haipiti kwenye kompyuta kabisa kwa hiyo hakuna kuchelewa hata kidogo, na eko unaiweka kwenye miksa yenyewe kama inayo.

Kama huna miksa na unalazimika kupitisha maiki ya USB ndani ya Linux, inawezekana, ila ujue unapambana na ucheleweshaji. Linux nyingi za sasa hivi zinatumia PipeWire kwa sauti, ni maendeleo makubwa sana kulinganisha na zamani, unaweza kuilazimisha itumie vifungu vidogo vya sauti kwa amri hii `pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256`. Kwa sauti ya sampuli 48000 kwa sekunde (sampuli ni vile vipande vidogo sauti inavyopimwa), sampuli 256 ni kama milisekunde 5, sikio halioni, japo maiki yenyewe na kadi ya sauti vinaongeza kidogo juu yake. Kuunganisha maiki na spika unatumia programu ya qpwgraph, unachora waya kwa mausi toka maiki hadi spika na unajisikia palepale. Laptopu dhaifu ikianza kukwaruza unapanda hadi 512. Inafanya kazi. Ila miksa bado ni bora.

Na spika za bluetooth, jamani. Kwa kusikiliza muziki hazina neno, kwa karaoke hapana. Kuna kuchelewa kwa sehemu ya sekunde, na kama maiki nayo inapitia kwenye laptopu basi mwimbaji anajisikia nyuma ya mdomo wake mwenyewe, hawezi kuimba mtu hapo hata awe hodari namna gani. Waya. Tumia waya.

Ngoja niseme kuhusu zingine ili msione naipendelea hii bila sababu. UltraStar Deluxe ni mchezo kamili, ni wa familia moja na ule mchezo wa SingStar wa Sony uliotoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, unaimba na yenyewe inasikiliza maiki yako inakupa alama hadi 10,000 kutokana na kupatia noti. Watoto na vijana wanaipenda mno na ipo kwenye Flathub, lile duka la programu za Linux, unaipata kirahisi. Ila kila wimbo unahitaji faili la txt lenye noti na silabi zilizopangwa moja moja, na za Kiswahili sijaona watu wakizitengeneza kwa wingi, kwa hiyo wageni wako wataishia kuimba vya Kizungu tu. Performous ni wazo hilohilo. PyKaraoke ilikuwa kipenzi cha wengi zamani lakini ile inayozungumziwa kwenye maelekezo mengi iliandikwa kwa Python 2, na Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo usipoteze jioni yako kuihangaikia.

OpenKJ ndo mshindani wa kweli. Hii imetengenezwa kwa yule anayeendesha karaoke kama kazi, yaani DJ wa karaoke baa. Mpangilio wake wa waimbaji ni wa zamu, kila mwimbaji ana orodha yake, na mzunguko unaenda mtu mmoja wimbo mmoja, mtu hata aweke nyimbo nane haimezi jioni ya wenzake. Inabadilisha ufunguo wa wimbo (key, yaani kuupandisha au kuushusha uendane na sauti ya mwimbaji) ukiwa unapigwa, na inakumbuka kwamba mteja fulani wimbo fulani anauimba ukiwa umeshushwa hatua mbili, akirudi wiki ijayo iko tayari. Ina muziki wa katikati pia, unaingia wenyewe wimbo ukiisha na kushuka wa mwingine ukianza. Kama una baa au unalipwa kwa kazi hii, nenda OpenKJ, nasema kwa moyo mweupe. Ila mtu lazima akae kwenye kompyuta muda wote, na kwa shughuli ya nyumbani mimi sitaki mtu akae kwenye kompyuta.

Tukirudi kwa PiKaraoke, kwenye kubadilisha ufunguo iko nyuma. Ipo sehemu ya kupandisha na kushusha, inatumia ffmpeg kufanya hesabu, lakini ukibadilisha wimbo ukiwa katikati unaanza upya. Kwa hiyo fundisha watu wako kuseti ufunguo mapema. Foleni nayo ni ya aliyewahi kawahi, kama una vijana wawili wenye vidole vyepesi watajaza nyimbo zao mpaka usiku wa manane, matoleo mapya yameweka mpangilio wa kikomo cha nyimbo kwa kila mtu, iwashe hiyo, weka mbili au tatu. Na alama inazotoa mwishoni mwa wimbo ni za kubahatisha tu, hazipimi sauti ya mtu, ni burudani, watu wakigombana mwambie kila mtu ukweli huo au izime kwa `--disable-score`.

Kuhusu intaneti na bando. Nyimbo zikishakuwa kwenye folda huhitaji intaneti kabisa, simu zinaongea na laptopu kupitia wifi ya ndani tu na haili bando la mtu. Huna rauta? Laptopu yenyewe inaweza kuwa rauta, `nmcli device wifi hotspot ssid Karaoke password` ikifuatiwa na neno lako la siri la herufi nane au zaidi, na laptopu yenyewe kwa kawaida inakuwa kwenye 10.42.0.1, simu zinaingia `10.42.0.1:5555`. Angalizo moja, simu nyingi za Android zikiona wifi haina intaneti zinarudi zenyewe kwenye data na ukurasa unakataa kufunguka, mgeni anadhani kodi ni mbovu. Mwambie abonyeze ile notifikesheni inayouliza kama abaki kwenye wifi isiyo na intaneti, akubali, imeisha. Ukikatika umeme laptopu ina betri lakini TV na rauta vinazima, kwa hiyo hotspoti ya laptopu ina faida hiyo pia, na spika ya kuchaji yenye tundu la waya inawaokoa mkaendelea mkisoma maneno kwenye skrini ya laptopu.

Sasa maktaba, hapa ndo kuna kazi ya kweli na hapa ndo tofauti ya karaoke nzuri na mbaya inapotokea.

Njia ya kawaida ni kutafuta ndani ya PiKaraoke yenyewe, inachimba YouTube kwa kutumia yt-dlp (programu ya kushusha video) na kuleta video ya karaoke kwenye folda. Rahisi sana, ila mafaili yanakuja na majina marefu ajabu na ile kodi ya YouTube mwishoni (herufi za kuitambulisha video), mwimbaji hajulikani ni nani, neno karaoke limeandikwa mara tatu. Nyimbo zikiwa ishirini huoni shida, zikifika mia tatu mgeni hapati kitu kwenye orodha. Kila wimbo ukishuka bonyeza kalamu ya kuhariri, andika mwimbaji, mstari, jina la wimbo, basi. Chagua mtindo mmoja usibadilishe, ukianza na jina la mwimbaji iwe hivyo kwa zote, maana orodha inapangwa kwa alfabeti na mtu akiingia kwenye herufi anazikuta nyimbo za msanii wake zote pamoja. Mimi nimeongeza neno mbele kwa makundi makubwa, taarab zinaanza na Taarab, za kwaya zinaanza na Kwaya, na wazee wanafurahi sana maana hawatafuti, wanaenda moja kwa moja kwenye fungu lao.

Ukubwa nao uuangalie. Video moja ya dakika nne yenye ubora wa kawaida inaweza kula megabaiti 30 hadi 50, ukiwa na elfu moja ni gigabaiti 30 hadi 50. Ule mfumo wa zamani wa CDG (faili la maneno linalokwenda sambamba na mp3), ambao PiKaraoke inaukubali vizuri, ni mwepesi mno. Faili la CDG linatumia baiti 7,200 kwa sekunde haijalishi wimbo gani, dakika nne ni kama megabaiti 1.7, ongeza mp3 ya kawaida megabaiti 4 hivi, jumla haifiki 6. Nyimbo elfu moja kwenye fleshi ya gigabaiti 8. Picha yake ni ya kizamani, pikseli 300 kwa 216 na rangi 16 tu, lakini maneno yanasomeka toka mwisho wa ukumbi kuliko video nyingi za kisasa zilizojaa mapambo. Faili la mp3 na la cdg yawe na jina moja kabisa, au uyafunge pamoja kwenye zip. Kwa mtu wa bando la kuhesabu hii ni neema.

Na sasa Kiswahili. Bongo flava zilizovuma unapata karaoke zake kiasi. Gospo unapata baadhi. Ukitaka zilipendwa, taarab, rhumba za bendi za Dar au nyimbo za kwaya za parokiani, hakuna, au ipo moja mtu ameandika maneno yamekosewa mpaka inauma. Na hizo ndo nyimbo ambazo mama zetu na baba zetu wanazijua kwa moyo! Mtu anaimbishwa ballad ya Kimarekani ambayo hajui inasema nini wakati nyimbo za ujana wake zimekaa tu hazina karaoke. Hili linaniuma na ndo maana nimejifunza kutengeneza mwenyewe, na habari njema ni kwamba Linux ina kila kitu cha bure kwa kazi hii.

Hatua ya kwanza ni kutoa sauti ya mwimbaji. Kuna programu inaitwa Demucs, ilitengenezwa na watafiti wa Facebook, inatenganisha wimbo vipande, ngoma, besi, sauti ya mtu na vinginevyo. Unaiambia `demucs --two-stems=vocals wimbo.mp3` inakupa mafaili mawili, sauti peke yake na muziki bila sauti. Haihitaji kadi ya picha ya gharama, kwa prosesa ya kawaida wimbo unachukua muda unaozidi kidogo urefu wake wenyewe, kwa laptopu yangu ya zamani inachukua zaidi ya hapo lakini naiacha inafanya usiku. Angalizo la bando, inahitaji PyTorch (programu ya akili bandia inayofanya hesabu zake), na kwenye Linux ukiiacha ijiinstoo kiholela inaleta na mizigo ya kadi za picha za NVIDIA zaidi ya gigabaiti 2 ambazo huna kazi nazo, kwa hiyo anza kwa kuweka PyTorch ya CPU pekee kutoka kwenye ukurasa wao wa kuinstoo, ndani ya mazingira yake ya Python, halafu ndo Demucs. Rekodi za zamani za redioni zilizochanganywa chaneli moja zinatoka na vumbi kidogo, sauti ya mwimbaji inabaki kama kivuli nyuma, lakini kwa karaoke hicho kivuli kinamsaidia mwimbaji kujua pa kuingilia, mimi nakiacha.

Hatua ya pili ni maneno, na hapa naitumia Aegisub, programu huria ya kutengeneza maandishi ya video ambayo ina sehemu maalum ya karaoke. Unaandika mstari, unaukata silabi, unasikiliza na kugonga mahali kila silabi inapoanzia, rangi inatembea juu ya maneno. Na hapa Kiswahili kinatubeba kwelikweli! Silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali, mtu yeyote aliyesoma darasa la pili anajua kukata ma-pe-nzi na ha-ba-ri, hakuna kubishana neno linakatwa wapi, na sauti inaendana na maandishi. Mpwa wangu wa sekondari anapanga wimbo mzima wa kwaya jioni moja. Kuwa mwangalifu na m na n zinazosimama peke yake, kama m-tu na n-chi, hizo zipe silabi yake maana kwenye wimbo zina pigo lake, ukiziunganisha rangi inakimbia mbele ya mwimbaji.

Mwisho unaunganisha picha, muziki na maneno kwa ffmpeg, hivi: `ffmpeg -loop 1 -i picha.jpg -i no_vocals.wav -vf ass=maneno.ass -c:v libx264 -tune stillimage -pix_fmt yuv420p -c:a aac -shortest wimbo.mp4`. Picha iwe 1280 kwa 720, ya giza giza ili maneno meupe yaonekane. Ukishapata mp4 unaitupia kwenye folda ya nyimbo, unaingia sehemu ya Info kwenye PiKaraoke unabonyeza kuskani folda upya, wimbo umeingia. Ukitumia picha moja isiyosogea faili linatoka dogo sana, kwa hiyo bado uko vizuri kwenye nafasi.

Andika maneno kwa usahihi tafadhali. Muulize mzee anayeujua wimbo, msikilize pamoja. Taarab hasa ina mafumbo na maneno ya Kiunguja na ya mwambao ambayo mtu wa bara anayasikia vingine kabisa, akiandika alivyosikia anaharibu shairi la mtu aliyetunga kwa akili zake.

Kuhusu matunzo. Kitu pekee kitakachokusumbua mara kwa mara ni yt-dlp, YouTube wanabadilisha mambo yao kila baada ya muda na siku moja kutafuta wimbo kunaacha kuleta. Programu haijaharibika, ingia Info na neno la siri la admin, bonyeza kuapdeti yt-dlp, au kwa terminali `pipx runpip pikaraoke install -U yt-dlp`. Tangu mwishoni mwa 2025 yt-dlp inataka pia kuwe na Deno au kitu cha aina hiyo cha kuendesha JavaScript ili YouTube ikubali vizuri, iweke mara moja usahau. Fanya haya yote siku moja kabla ya shughuli, usifanye wageni wakiwa wamekaa, na nyimbo unazojua zitahitajika zishushe kabla. YouTube wenyewe masharti yao hayaruhusu kushusha video kiholela, na ukitoza kiingilio au ukipiga ukumbini unaingia kwenye leseni za hakimiliki, kwa Tanzania waulize COSOTA (ofisi ya hakimiliki), wasanii wetu wale jasho lao.

Kuhifadhi nakala ni amri moja, `rsync -av ~/pikaraoke-songs/` kwenda kwenye diski ya nje, na hasa zile ulizotengeneza mwenyewe za Kiswahili maana hizo zikipotea hakuna pa kuzipata tena. Weka na mafaili ya maneno ya Aegisub pamoja nazo, siyo mp4 peke yake, ili mtu akigundua neno limekosewa unarekebisha mstari mmoja na kuitoa video upya bila kupanga silabi zote tena.

Kwa kifupi cha manunuzi, programu ni bure, pesa yako iende kwenye miksa na maiki mbili za waya zenye swichi. Ukibakiwa na kitu nunua stendi ya maiki, wazee wanaimba vizuri zaidi mikono ikiwa huru. Na kama kuna mtu humu ameshapanga taarab au zilipendwa kwenye Aegisub aniambie, tubadilishane mafaili ya maneno tu, muziki kila mtu atautoa kwenye nakala yake.